UZI: Mgonjwa mnene wa homa ya ini haongezewi kidonge. Uzito wake unahesabiwa kwenye figo

Mfamasia_Uyole

Habari zenu wakuu.

Uzi huu ni kwa wenye homa ya ini ya kudumu, hasa aina B, ambao pia wana mwili mkubwa, na kwa ndugu wanaowauguza. Mimi ni mfamasia, nafanya kazi hapa Mbeya. Dirishani kwetu kuna swali haliishi: "Mimi nina kilo mia na kitu, yule dada aliyetangulia hafiki hamsini, mbona wote mmetupa kidonge kimoja kwa siku?" Anayeuliza hivyo nashukuru, maana nampa jibu pale pale. Ninaowahofia ni wasiouliza. Hao wanafika nyumbani wanameza viwili, kwa sababu jirani au muuza duka la dawa kawaambia mwili mkubwa unataka dawa nyingi.

Mtu mzima mwenye homa ya ini B hapangiwi dozi kwa kilo. Tenofoviri tuliyoizoea, ile ya TDF, ni miligramu 300 mara moja kwa siku. Tenofoviri mpya zaidi, TAF, ni miligramu 25. Entekaviri ni nusu miligramu, na inafika miligramu 1 kwa mgonjwa ambaye ini limeshindwa kazi, yaani tumbo limejaa maji au macho yamekuwa ya njano, au ambaye virusi vyake vimeshaizoea lamivudini, dawa ya zamani ya kirusi hiki. Mizani inatumika kwa watoto. Kwa TDF, mtoto akishafika kilo 35 anapewa dozi ya mtu mzima, na kuanzia hapo mwenye kilo 36 na mwenye kilo 136 wanameza kidonge kile kile.

Sababu yake inaeleweka hata bila kusomea dawa. Kilo 40 au 50 ambazo mtu mnene amewazidi wenzake, sehemu kubwa ni mafuta. Tenofoviri ni dawa inayokaa kwenye maji ya mwili, kwenye mafuta haiendi kwa wingi. Kazi yake ni ndani ya seli za ini, kuzuia kimeng'enya ambacho kirusi hukitumia kujizalisha. Miligramu 300 zinatosha kukizuia. Ukimeza 600 hupati faida mara mbili, ila dawa yote hiyo ya ziada inatafuta njia ya kutoka, na njia yake ni figo. Mirija midogo ya figo ndiyo inayoumia. Madini ya fosfeti yanapotea kwenye mkojo, mifupa inadhoofika na kuuma, kreatinini (taka ya misuli ambayo figo huitoa kwenye damu) inapanda taratibu, na mgonjwa anasema ni umri tu.

Kuna hasara nyingine ambayo watu hawaifikirii. Kopo lina vidonge 30. Ukimeza viwili kwa siku, limeisha katikati ya mwezi, na tarehe yako ya kliniki bado. Hizo wiki mbili unakaa bila dawa. Kirusi cha B kikiachiwa ghafla kinaweza kulipuka, na kwa mtu ambaye ini lake limeshakuwa na makovu mengi, mlipuko huo unaweza kuondoa uhai. Tulimpokea baba mmoja kutoka Chunya kwa njia hiyo hiyo. Alikuja mapema kuomba dawa nyingine, tukahesabu, tukaona vidonge havilingani na siku. Namshukuru Mungu alikuja kabla figo hazijafika pabaya.

Imani hii haikutoka hewani, na siwalaumu watu. Mgonjwa wa kifua kikuu kweli anapimwa kilo ndipo ahesabiwe vidonge. Dawa ya mseto ya malaria tumeiona kwenye pakiti ina picha za watoto wa kilo tofauti. Lakini hata mseto, ukifika kilo 35 ni vidonge vinne asubuhi na vinne jioni, basi. Hakuna mtu wa Mwanjelwa aliyewahi kuandikiwa mseto vidonge sita kwa sababu ana kitambi.

Sasa unene unaingia wapi? Unaingia kwenye figo, na hapa naomba mnisome taratibu.

Kabla ya kuanza tenofoviri au entekaviri, na kila baada ya muda, unapimwa kreatinini. Namba ile peke yake haitoshi. Inawekwa kwenye hesabu ya Cockcroft na Gault, ya mwaka 1976: unatoa umri kwenye 140, unazidisha kwa kilo za mgonjwa, unazidisha kwa 1.04 kama ni mwanamke au 1.23 kama ni mwanaume, kisha unagawanya kwa kreatinini iliyopimwa kwa mikromoli. Jibu linaonyesha figo zinasafisha mililita ngapi za damu kwa dakika. Kilo zimewekwa kwenye hesabu hiyo kwa niaba ya misuli, kwa kuwa kreatinini hutoka kwenye misuli. Mtu mnene ukimwekea kilo zake zote, umehesabu mafuta kama misuli, na figo zinaonekana nzima kuliko zilivyo.

Chukueni mama wa miaka 60, urefu sentimita 158, kilo 112, kreatinini 140. Ukiweka kilo zote 112, unapata 67. Yaani figo zinaridhisha, ameze TDF kila siku. Lakini uzito unaotarajiwa kwa urefu wake ni kama kilo 51 (mwanamke huanzia kilo 45.5 kwenye sentimita 152, mwanaume kilo 50, kisha unaongeza kama gramu 900 kwa kila sentimita). Ukiweka 51, jibu ni 30, na hapo umemwonea upande wa pili. Njia inayotumika sana kwa wanene ni ya katikati: kilo 51, jumlisha asilimia 40 ya zile 61 zilizozidi, unapata kama 75. Hesabu inatoa 45.

Tazameni tofauti hiyo inafanya nini. Kwa 67, kidonge cha TDF ni kila siku. Kwa 45, TDF inatolewa kila baada ya saa 48, yaani anameza leo, kesho anapumzika. Kati ya 10 na 29 ni kila baada ya saa 72 hadi 96. Anayesafishwa damu kwa mashine ni mara moja kwa wiki, baada ya kusafishwa. Entekaviri nayo hupunguzwa kuanzia chini ya 50. TAF haibadilishwi mpaka figo zishuke chini ya 15, ndiyo maana mgonjwa wa namna hii daktari akiipata TAF mara nyingi huipenda zaidi.

Kwa hiyo yule mama wa kilo 112, ambaye jirani anamwambia ameze viwili, huenda kwa haki yake anastahili kimoja kila baada ya saa 48. Uzito wake umeielekeza hesabu upande wa kupunguza.

Msibadilishe chochote wenyewe kwa kusoma hapa. Chukueni hili kama swali la kumpelekea daktari: "Figo zangu mmezihesabu kwa uzito upi?" Ni swali la heshima kabisa, na daktari mzuri atalifurahia.

Jambo moja tena kabla sijawaachia jukwaa. Watu wenye mwili mkubwa wanaumwa magoti. Huku kwetu na milima hii, ukishuka Isyesye au ukipanda Iwambi, goti linajua. Wanaenda kununua diklofenaki au ibuprofeni, wanameza wiki hadi wiki. Dawa hizo pamoja na TDF ni mzigo juu ya mzigo kwa figo, na ukiwa na sukari au presha hali ni mbaya zaidi. Mwambie daktari unaumwa goti, usilitibu kimya kimya dukani.

Busokelo01

Ndaga fijo mkuu, uzi umeshiba. Mimi ni mwanaume wa miaka 41, kilo 118, natumia TDF huu mwaka wa pili. Majibu ya mwisho, virusi havionekani kwenye damu. Lakini ALT bado 68. Nilishaanza kuwaza dozi imekuwa ndogo kwa mwili wangu. Nisaidie.

Mfamasia_Uyole

Mkuu Busokelo, swali lako ni la watu wengi, hebu tulimalize.

Kinachoonyesha kama dawa inafanya kazi ni wingi wa virusi. Vyako havionekani, kwa hiyo dawa imefanya kazi yake na dozi inakutosha. ALT ni kimeng'enya kinachovuja seli za ini zikiumizwa, bila kutaja aliyeziumiza. Kwa kilo zako, wa kwanza kushukiwa ni mafuta kwenye ini. Tenofoviri haiondoi mafuta, hata ungemeza kopo zima.

Yaani una magonjwa mawili kwenye ini moja, moja limedhibitiwa na la pili halijaguswa. Omba upimwe sukari, lehemu, na altrasaundi ya ini. Kama unakunywa, mwambie daktari ukweli. Kama kuna dawa za mitishamba unatumia, zitaje pia. Kisha uzito wenyewe: kupunguza asilimia 7 hadi 10 hupunguza uvimbe wa ini lenye mafuta, na kwa wengine hata makovu. Kwako ni kilo 8 hadi 12. Sio lazima ufike kilo 70. Shuka polepole, usijifungie kwa njaa.

Na ALT ya kawaida ni ndogo kuliko wengi wanavyodhani. Shirika la Afya Duniani, kwenye mwongozo wa homa ya ini B wa 2024, limeweka 30 kwa mwanaume na 19 kwa mwanamke. Maabara nyingi zinaandika mpaka 40 na zaidi kuwa sawa.

Ingekuwa kinyume, virusi bado vinaonekana baada ya muda mrefu, bado nisingeongeza kidonge. Ningekuuliza kwanza umeruka siku ngapi. Usugu wa tenofoviri ni nadra sana. Kinachotokea mara nyingi ni safari, msiba, au dawa kuisha.

Busokelo01

Mitishamba ipo mkuu, sitaficha. Mama yangu ananichemshia mizizi kila asubuhi.

Mfamasia_Uyole

Isimamishe mpaka uongee na daktari. Mama anakupenda, mweleze hivyo hivyo kwa upole kwamba ini linapewa mapumziko ili lipimwe vizuri. Baada ya miezi michache rudia ALT, utajua mizizi ilikuwa na mchango gani.

Dozi_Kamili

Mimi natofautiana nawe mkuu. Nina kilo 125. Nilimeza viwili karibu mwaka mzima na virusi vikaisha. Mwili ni wangu naujua. Nyie wa hospitali mnabania dawa.

Mfamasia_Uyole

Kaka, nafurahi virusi vimeshuka, nasema kwa moyo wote. Lakini hata kwa kimoja vingeshuka. Dawa hii ilijaribiwa na ikaidhinishwa kwa miligramu 300 kwa watu wazima wa kilo mbalimbali. Naomba unijibu moja tu: katika huo mwaka ulipima kreatinini? Mkojo uliangaliwa kama una protini au sukari isiyotokana na kisukari? Ini linaweza kuwa na majibu mazuri huku figo zikiharibika bila maumivu yoyote. Nenda wiki hii, sema wazi ulichokuwa unameza, hakuna atakayekugombeza. Akikugombeza mtu, vumilia, chukua majibu yako. Na vidonge usiache, rudi kwenye kimoja.

Dozi_Kamili

Kreatinini sijapima. Nitaenda.

MamaWaMafinga

Shikamooni wakubwa. Mama yangu yuko kliniki ya CTC, ile ya wenye VVU, hapa Mafinga, anatumia kile kidonge kimoja cha TLD. Tangu aanze amenenepa sana. Juzi wamempima wakamkuta na homa ya ini B pia. Shangazi anasema tumnunulie tenofoviri ya ini pembeni maana ile ya CTC ni ya ugonjwa mwingine, na kwa mwili alionao haitoshi. Tumnunulie?

Mfamasia_Uyole

Marahaba dada. Msimnunulie.

TLD ni dawa tatu ndani ya kidonge kimoja: tenofoviri, lamivudini na dolutegraviri. Hiyo T ni tenofoviri ile ile, miligramu 300 zile zile. Kirusi cha ini kinatibiwa tayari na kidonge anachomeza. Mkiongeza nyingine mnarudi kule kule kwa tenofoviri mara mbili, figo ndizo zitakazolipa.

Hili nalisisitiza kwa sababu ya mkoa tulioko. Njombe, Iringa na Mbeya ndiyo mikoa iliyoongoza kwa maambukizi ya VVU katika utafiti wa kitaifa wa 2022 hadi 2023, kwa hiyo watu wenye vyote viwili huku si wachache. Kunenepa baada ya kuanza dolutegraviri ni jambo linalofahamika, sio mama peke yake. Awaambie CTC, apimwe sukari na presha. Akija kuandikiwa metformini, dawa ya sukari, wanaomwandikia wajue yuko kwenye TLD, maana dolutegraviri hupandisha kiwango cha metformini mwilini na kwa kawaida haivukishwi miligramu 1000 kwa siku.

Na siku wakitaka kumbadilishia dawa ya VVU kwa sababu yoyote ile, wawe na kumbukumbu kwenye kadi kwamba ana B. Wakiiondoa tenofoviri bila kuweka mbadala wa ini, kirusi cha B kinaamka.

MamaWaMafinga

Asante sana. Hilo la kadi nitalisimamia mwenyewe.

Muuguzi_Kihesa

Kamwene wote. Niongeze la chanjo kwa kuwa nachoma kila siku hapa Iringa. Ndugu wa mgonjwa wa B wanatakiwa wapimwe, na wasio nayo wachanjwe: ya kwanza, ya pili baada ya mwezi, ya tatu mwezi wa sita. Watoto wetu wanaipata kwenye ratiba ya chanjo tangu 2002, lakini watu wazima wengi wamepitwa.

Kwa mtu mnene kuna mambo mawili. Kwanza, mwili wake hujenga kinga kidogo kuliko wa mwembamba, hilo linajulikana kwa chanjo hii. Pili, sindano. Mkono mnene ukichomwa kwa sindano fupi, chanjo inaishia kwenye mafuta haifiki msulini. Sindano ya milimita 25 inayomtosha mtu wa kawaida, kwa mkono mnene tunatumia ya 38. Na ichomwe begani, kwenye tako matokeo yake ni hafifu. Akimaliza tatu, mwezi mmoja au miwili baadaye apime kinga, ifike 10 au zaidi. Isipofika anarudia.

Naona unene unasahaulika kabisa kwenye chumba cha sindano, halafu tunashangaa mke wa mgonjwa amechanjwa na bado ameambukizwa.

Mfamasia_Uyole

Dada Muuguzi, umetusaidia mno. Hilo la sindano hata mimi dirishani sina nafasi ya kuliona.

Mzee_wa_Ilomba

Vijana hamjambo. Mimi yangu ni aina C. Nilipogunduliwa zamani niliambiwa sindano za interferoni na vidonge vya ribavirini, wakanipima kilo kwanza. Sikuzipata kwa sababu ya gharama. Sasa nimeambiwa kuna vidonge vya wiki 12 na hakuna aliyenipima kilo. Nina kilo 104. Ndiyo maana nauliza, wamesahau?

Mfamasia_Uyole

Shikamoo mzee wangu. Hawajasahau, dawa zimebadilika.

Zama za interferoni uzito ulikuwa na maana kweli. Aina moja ya interferoni ilipimwa mikrogramu 1.5 kwa kila kilo kwa wiki, nyingine ilikuwa 180 kwa kila mtu. Ribavirini kwa aina nyingi za kirusi C ilikuwa miligramu 1000 kwa aliye chini ya kilo 75 na 1200 kwa aliyefika 75 au kuzidi. Ikizidi inavunja seli nyekundu, damu inapungua. Ikipungua kirusi kinarudi. Na watu wanene walipona wachache kuliko wembamba. Hofu yako ina mizizi ya kweli.

Hizi za sasa, sofosbuviri miligramu 400 pamoja na velpatasviri 100 kwenye kidonge kimoja, ni sawa kwa kilo zote. Zaidi ya watu 95 kati ya 100 wanapona, wanene wakiwemo. Ila kuna mtego mmoja unaowapata sana watu wa kilo zako: kiungulia. Je, unatumia omeprazoli?

Mzee_wa_Ilomba

Kila asubuhi. Bila hiyo silali.

Mfamasia_Uyole

Mzee, hilo mwambie daktari kabla hujameza kidonge cha kwanza. Velpatasviri inahitaji tindikali ya tumbo ili iyeyuke. Omeprazoli inaiondoa tindikali, dawa inapita bila kuingia vya kutosha kwenye damu. Hapo ndipo ungeweza kupata dozi pungufu, na ingekuwa imeletwa na dawa ya kiungulia, kilo zako hazimo. Kikubwa ni kuiacha kwa hizo wiki 12 kama inawezekana. Kama haiwezekani kabisa, kuna utaratibu: kidonge cha C kinamezwa na chakula, saa nne kabla ya omeprazoli, na isizidi miligramu 20. Daktari ndiye apange. Dawa za maji za kiungulia nazo ziachane na kidonge kwa saa nne. Kula usiku mapema na kuinua kichwa cha kitanda kunasaidia.

Pia hakikisha wamekupima B kabla ya kuanza. Mwenye zote mbili, C ikiondoka B inaweza kuamka.

Ulanzi_Mtamu

Mimi natoka Njombe, kilo 98, B ninayo, lakini sijaanzishiwa dawa, waliniambia nisubiri maana virusi ni vichache. Nina sukari. Ulanzi nakunywa msimu wake tu. Hivi nisubiri hadi lini?

Mfamasia_Uyole

Ndugu yangu, kaulize upya. Mwongozo ule wa 2024 umefungua mlango. Zamani tulisubiri virusi viwe vingi na ini lionyeshe kuumia. Sasa mtu mwenye B pamoja na kisukari, au mafuta kwenye ini, au ndugu wa damu aliyekufa kwa saratani ya ini, anaweza kuanzishiwa bila kungoja namba hizo. Wewe una sukari, na kwa kilo hizo mafuta yanaweza kuwepo. Kuna pia kipimo rahisi, wanachukua AST (kimeng'enya kingine cha ini) na chembe sahani za damu wanapata alama iitwayo APRI, ikizidi 0.5 ni dalili kwamba makovu yameanza. Hakihitaji mashine kubwa, vipimo vyake vinapatikana hospitali nyingi.

Ukipelekwa kwenye mashine ya kupima ugumu wa ini, waulize kama wana kichwa cha mashine cha watu wanene. Kile cha kawaida kwenye tumbo lenye mafuta mengi mara nyingine hakisomi, au kinasoma vibaya.

Ulanzi uache, hata wa msimu. Wewe una B, sukari na uzito. Ini halina nafasi ya kitu cha nne.

Ulanzi_Mtamu

Nimekuelewa. Nina miadi mwezi ujao, nitaomba hiyo APRI.

Dereva_Tunduma

Mkuu, mimi niko kwenye entekaviri, waliniondoa TDF kwa ajili ya figo. Naendesha lori Dar hadi Tunduma. Naimeza nikisimama kula, Ilula au Makambako, na chipsi zangu. Nina kilo 121. Kuna shida?

Mfamasia_Uyole

Kilo sio shida, chipsi ndiyo shida. Entekaviri inataka tumbo tupu: saa mbili baada ya kula na saa mbili kabla ya kula tena. Ukiimeza na chakula, hasa cha mafuta, inaingia kidogo kwenye damu. Watu wa TAF ndio wanaomeza na chakula, msichanganye.

Kwa kazi yako chagua muda ambao hauhami. Kama chakula cha usiku unamaliza saa moja, meza saa tatu au saa nne ukishaegesha gari, ulale. Weka kengele kwenye simu. Na kwa kuwa figo ndizo zilizokutoa TDF, usiondoke kliniki safari ijayo bila kuwauliza wamekuwekea entekaviri ya kila siku au ya kuruka siku, na wamehesabu kwa kilo zipi.

Dereva_Tunduma

Wameniandikia kila siku. Kreatinini kwenye karatasi ni 131, umri 57, urefu sentimita 170.

Mfamasia_Uyole

Kwa kilo zote 121 unapata 94. Uzito wa urefu wako ni kama kilo 66, ukijumlisha asilimia 40 ya zilizozidi unapata 88, na hesabu inatoa 69. Bado uko juu ya 50, kwa hiyo kila siku ni sawa. Nenda na karatasi hiyo ili daktari ahakikishe, na kreatinini irudiwe ndani ya miezi mitatu. Dawa za maumivu ya mgongo za barabarani usiguse.